BEI YA KICHWA CHA MTU

Somo: 2 Samweli 4:5–12



Usiku mmoja, mwisho wa masika, kijana wa usharika wetu alikuja hapa Nyamisangura akabisha hodi, watu wakiwa wamekwisha lala. Twamjua tangu utoto wake; alijifunza Katekisimo kwetu, akapokea Kipaimara mbele ya macho yetu. Akaketi kitambo kirefu bila kunena, akiizungusha kofia yake mikononi. Kisha akatuuliza, "Baba Mchungaji, mtu akijua mahali alipojificha mwizi, na mwenye mali ameahidi zawadi, je, ni dhambi kuipokea?"

Swali hili ni fupi, walakini mambo yaliyo ndani yake ni mengi. Basi sikilizeni jinsi yalivyokuwa.

Mzee mmoja wa upande wetu aliibiwa ng'ombe watano usiku. Nanyi mwajua, ninyi mkaao Tarime na Serengeti, ya kuwa ng'ombe kwetu si nyama na maziwa tu. Hao watano walikuwa mahari ya binti yake, naye alikuwa amewaweka ili mwanawe wa kiume apate kuoa. Waliowaiba waliiba pamoja nao nyumba ambayo ilikuwa haijajengwa, na wajukuu ambao walikuwa hawajazaliwa. Yowe likapigwa, watu wakafuata nyayo hata karibu na mpaka wa Kenya, wakazipoteza penye mawe. Lakini jina la mmoja wa wezi likajulikana. Mzee akasimama mbele ya watu kwa uchungu mwingi, akasema kwamba atakayemleta mtu yule, au kuonyesha alipo, atapewa mitamba miwili. Tena akaongeza, "Akiwa hai au amekufa, kwangu ni mamoja."

Kijana wetu alijua alipo: ng'ambo ya mpaka, kwa mjomba wake. Alijua kwa sababu yeye na yule mwizi walitahiriwa pamoja, na kwetu Wakuria watu waliosimama pamoja siku ile ni ndugu hata kufa. Tena kijana huyu ni maskini. Zizi la baba yake halina hata ndama, naye ana mchumba amngojaye mwaka wa tatu sasa. Mitamba miwili ingekuwa mwanzo wa mahari yake. Na watu wengine walikuwa wamekwisha mfundisha njia: ampelekee mwenzake habari kwamba mambo yametulia, amwite waonane njiani, amwamkie kwa salamu ya marika, nao watakuwa wamejificha vichakani na mapanga yao.

Hatukumjibu usiku ule. Twakiri ya kuwa neno la kwanza lililotujia moyoni lilikuwa, "Nyamaza, mambo hayo yasikuhusu." Lakini tukayakumbuka machozi ya yule mzee, tukaona haya. Tukamwambia arudi kesho yake jioni. Alipokwisha kwenda tukafungua Biblia, na somo tulilolisoma ndilo hili tunalowawekea leo.

Sauli alipokufa, ufalme uligawanyika. Daudi alitawala huko Hebroni, na Ishboshethi mwana wa Sauli alitawala upande mwingine. Walikuwapo maakida wawili, Rekabu na Baana, nao walikuwa watu wa Ishboshethi mwenyewe. Wakaona bwana wao amedhoofika, wakafikiri mioyoni mwao, "Kichwa hiki kina bei huko Hebroni." Wakaingia nyumbani mwake wakati wa jua kali, kana kwamba wanakuja kuchukua ngano, naye alikuwa amelala kitandani. Wakampiga, wakamkata kichwa, wakasafiri usiku kucha wamekichukua, wakakiweka mbele ya Daudi. Nao walidhani watapewa thawabu.

Angalieni mambo matatu katika habari hii.

Kwanza, waliingia kama watu wa nyumbani. Mgeni asingaliweza kukifikia kitanda kile. Mwenye kuuza kichwa cha mtu hutumia kwanza imani aliyopewa na mtu yule: mlango asiofungiwa, salamu ajibiwayo bila hofu. Bei hailipwi kwa ajili ya kazi ya mikono tu, bali kwa ajili ya undugu unaouzwa.

Pili, walilitia jina la Mungu katika biashara yao. Walimwambia Daudi kwamba Bwana ndiye aliyemlipizia kisasi. Ndivyo tufanyavyo hata leo. Hakuna asemaye, "Nilitaka mitamba." Kila mtu husema, "Nilitaka haki."

Tatu, Daudi hakuipokea faida ile. Ishboshethi alikuwa mshindani wake, na kifo chake kilimfungulia njia ya ufalme wote. Lakini Daudi alisema kwamba mtu asiye na hatia ameuawa nyumbani mwake, kitandani pake. Akawahukumu wauaji wale kama mfalme aliyepewa upanga wa kuhukumu. Kisha akaagiza kichwa kile kizikwe Hebroni, katika kaburi la Abneri. Mtu aliyeletwa kama bidhaa, Daudi alimrudishia heshima ya kuwa mtu.

Wapenzi, jambo la namna hii halikutokea katika nchi ya Wayahudi peke yake. Lilitokea katika nchi yetu pia. Mwaka 1891 mashujaa wa Mkwawa, mtwa wa Wahehe, walilishinda jeshi la Wajerumani huko Lugalo. Mwaka 1894 Wajerumani wakaiteka ngome yake ya Kalenga, naye akakimbilia porini, akakaa akiwindwa karibu miaka minne. Watu wake wengi walimpelekea chakula na habari. Hata Gavana Liebert akaweka zawadi ya rupia 5,000 kwa kichwa chake. Tarehe 19 Julai 1898 askari walioongozwa na sajini mmoja, jina lake Merkl, walifuata nyayo hata kambini pake. Walimkuta amekwisha kufa; alikuwa amejipiga risasi mwenyewe ili asishikwe. Lakini zawadi ilikuwa ya kichwa, basi kichwa kikakatwa, kikapelekwa Iringa, na rupia zikalipwa.

Hatusemi ya kuwa Mkwawa alikuwa mtakatifu. Alikuwa mtu wa vita, na damu nyingi ilimwagika kwa mkono wake. Hukumu yake iko kwa Mungu. Lakini litazameni neno moja tu: mtu alikuwa amekwisha kufa, hawezi tena kumdhuru yeyote, na bado kichwa chake kilikatwa kwa sababu kilikuwa na bei. Rupia zile zimekwisha tumika zamani, wala hakuna aonyeshaye leo zilinunua nini. Lakini kichwa hakikuacha kudai. Mataifa makubwa yalipofanya mapatano ya Versailles mwaka 1919, yaliandika kifungu, cha 246, kwamba fuvu la Mkwawa litolewe na Wajerumani. Ikapita miaka mingi tena, hata mwaka 1954 Gavana Twining akawarudishia Wahehe fuvu kutoka Bremen, nalo limewekwa Kalenga. Daudi alikizika kichwa cha Ishboshethi mara moja. Kwetu ilichukua miaka 56 kabla ya kichwa kurudi kwao.

Tena tuseme habari ya nchi ya mbali, maana vijana wetu huiona katika televisheni. Wamarekani walitunga mchezo juu ya mwindaji wa watu, ukaonyeshwa tangu mwaka 1958 hata 1961. Jina lake, Wanted: Dead or Alive, maana yake ni mtu atafutwaye, akiwa amekufa au yu hai. Mwindaji yule, Josh Randall, ambaye mchezaji wake alikuwa Steve McQueen, hula kwa zawadi zinazowekwa juu ya vichwa vya wakosaji. Lakini mara nyingi, akiisha kumpata mtu na kuusikiliza usemi wake, moyo humsumbua: huenda huyu hana hatia; huenda waliotoa fedha ndio wakosaji. Hata watunzi wa michezo wameona ya kuwa kazi hii haiwezi kufanywa na mtu mwenye dhamiri bila kuumia.

Hapo ndipo tulipolikumbuka neno la mzee wetu: "Akiwa hai au amekufa." Hatari yote imo katika hiyo "au". Anayemtaka mtu akiwa hai humtaka aseme, ajitetee, ahukumiwe, atubu, ataje na wenziwe. Asemaye "au amekufa" amekwisha kumtoa katika hesabu ya watu, akamhesabu pamoja na chui aliyeingia zizini.

Sasa mtauliza, "Je, tumfiche mwizi?" Hasha. Ndugu wainjilisti, fundisheni amri zote, msifundishe moja mkaiacha nyingine. Amri ya Tano yatukataza kuua. Na Katekisimo Ndogo yatufundisha kwamba haitoshi kutokumdhuru jirani, bali imetupasa kumsaidia katika mahitaji ya mwili wake. Amri ya Saba yatukataza kuiba. Na humo twafundishwa kwamba imetupasa kuilinda mali ya jirani. Basi mwenye kumficha mwizi anaivunja ya Saba juu ya mzee mwenye ng'ombe. Mwenye kumvuta mwizi penye mapanga anaivunja ya Tano juu ya mwizi. Mkristo hana ruhusa ya kuchagua jirani mmoja kati ya hao wawili.

Tena Mtume Paulo, katika Warumi mlango wa 13, atufundisha kwamba wenye mamlaka wamewekwa na Mungu kuwaadhibu watenda mabaya. Katika Agano la Kale Bwana aliamuru iwepo miji sita ya makimbilio. Yasomeni hayo katika Yoshua mlango wa 20. Mji ule haukuwa wa kuwaficha wauaji wa makusudi. Ulikuwa ukuta kati ya mshitakiwa na hasira ya walioumizwa, hata asimame mbele ya mkutano ahukumiwe. Ukuta wa namna hiyo ndio tuutakao na hapa kwetu. Sungusungu walipoanza huko Usukumani na Unyamwezini katika miaka ya 1980, na desturi yao ikafika na kwetu, watu walifurahi kwa kuwa mifugo ilirudi. Nasi tuna mkutano wetu wa tangu zamani, iritongo, ambapo wazee hulisikiliza neno hata mwisho. Mikutano hiyo ina heshima maadamu masikio yake yamefunguka. Ikiamua kabla ya kusikia, imekuwa genge kama genge la wezi.

Wala hatusemi ya kuwa kila zawadi ni haramu. Baada ya mauaji makubwa ya Rwanda ya mwaka 1994, Serikali ya Marekani iliahidi hadi dola 5,000,000 kwa habari za kuwezesha washitakiwa wakuu kukamatwa. Mmoja wao, Félicien Kabuga, alitafutwa miaka mingi, akakamatwa karibu na Paris tarehe 16 Mei 2020, akaletwa mbele ya mahakimu. Na walipoona kwamba akili yake imedhoofika kwa uzee na ugonjwa, waliisimamisha kesi yake. Wengi waliofiwa walihuzunika, nasi twahuzunika pamoja nao. Lakini alitafutwa ili asimame mbele ya hukumu, wala hukumu haikukatwa njiani.

Basi kijana aliporudi jioni ya pili, tulimpa maswali matatu, nanyi wainjilisti mwaweza kumpa yeyote atakayewajia na neno kama hilo. La kwanza: Kama mitamba isingalikuwapo, je, ungalikwenda? Ikiwa sivyo, haki si shauri lako. Shauri lako ni mitamba. La pili: Je, wamtaka akiwa hai, na wamtaka hai kiasi cha kusimama wewe mwenyewe kati yake na mapanga? La tatu: Neno utakalofanya, je, waweza kumwambia usoni kabla ya kulifanya?

Alipolisikia la tatu aliinamisha kichwa, akalia. Akasema, "Nilikuwa nimwamkie kwa salamu yetu, Baba. Salamu ile ile."

Hatukumwambia zaidi. Yeye mwenyewe alisema kwamba atakwenda amwambie mwenzake kweli yote: kwamba anatafutwa, kwamba kuna mapanga, na kwamba njia iliyo wazi ni kituo cha polisi. Akaenda pamoja na mzee mmoja wa kanisa. Mara ya kwanza walifukuzwa kwa matusi. Mara ya pili mwenzake hakutoka ndani. Mara ya tatu alitoka, akaketi nao chini ya mti, na kulipokucha wakaja naye Tarime, wazee wawili wa iritongo wakimsindikiza ili mtu asimguse. Alikiri, akawataja wenziwe, akahukumiwa kifungo. Ng'ombe wawili walipatikana, watatu hawakuonekana.

Na mitamba je? Kijana hakuipata. Mwenye ng'ombe alisema kwamba mtu hakuletwa kwake bali kwa Serikali, basi ahadi haikutimizwa. Wenzake wengine humcheka, wakimwita mjinga aliyeacha mali mlangoni. Na wengine humwita msaliti kwa kuwa alimtoa mwenzao. Mahari yake bado haijapatikana. Hatuwafichi neno hili, maana wako wafundishao kwamba kila atendaye mema hulipwa mwezi ule ule. Yeye hajalipwa.

Sisi nasi tulihukumiwa na neno hili. Tulikwenda kwa yule mzee kumwombea, na tulipofika tukakumbuka ya kuwa hakuna mtu wa usharika aliyekuwa ameketi naye tangu siku ya wizi. Kila mtu alimwendea kuuliza habari ya zawadi. Hakuna aliyemwendea kuomboleza naye. Pengine angalitembelewa mapema, asingalilisema neno lile kali. Alitupokea kwa uji, akatuambia, "Mmechelewa, lakini kaeni." Tukakaa.

Tuseme sasa kwa nini Mkristo aweza kuiacha bei ya kichwa cha mtu. Si kwa sababu yeye ni mwema kuliko Rekabu na Baana. Ni kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kutafutwa.

Kumbukeni mwalimu wetu Martin Luther. Mwaka 1521 Kaisari Karl wa Tano alitoa amri huko Worms: mtu asimpe Luther nyumba wala chakula, bali amkamate na kumtoa, na watakaosaidia wakaahidiwa malipo. Mtawala wa Saxony, Friedrich, akamficha ngomeni Wartburg, na humo Luther akalifasiri Agano Jipya kwa Kijerumani. Biblia tunayoisoma kwa lugha zetu wenyewe ina deni kwa mlango mmoja uliofungwa usiuze kichwa.

Lakini yuko mkuu kuliko Luther. Bwana wetu Yesu naye aliwekewa bei, vipande 30 vya fedha. Yule aliyemwuza alikuwa wa nyumbani, naye alitumia salamu ya rafiki kuwa alama. Yesu alijua, na hata saa ile hakumnyima jina la rafiki. Na fedha ile, mwaisoma habari yake katika Mathayo mlango wa 27: Yuda hakuweza kukaa nayo, makuhani hawakuweza kuirudisha katika sanduku la hekalu, ikaishia kununua shamba la makaburi.

Nasi tulikuwa wapi siku ile? Tulikuwa mafichoni. Tangu Adamu alipojificha kati ya miti ya bustani, kila mmoja wetu ana mahali pake ng'ambo ya mpaka, akitumaini nyayo zake zimepotea penye mawe. Tulistahili kutafutwa, tena kutafutwa kwa hasira. Lakini Yeye aliyekuja kututafuta hakuja na upanga. Alitwambia usoni kweli yote ya dhambi zetu, kisha akasimama mwenyewe kati yetu na hukumu, nayo ikampata Yeye. Wawindaji wote wa watu hupokea bei. Huyu peke yake ndiye mtafutaji aliyeilipa, wala si kwa fedha au dhahabu, bali kwa damu yake, kama afundishavyo Petro katika Waraka wake wa Kwanza, mlango wa 1.

Basi, ndugu, mtu akija kwenu na bei ya kichwa cha jirani, ikiwa ni mitamba, au fedha, au cheo, au sifa za watu, kumbukeni ya kuwa kichwa chenu kimekwisha kununuliwa. Mwendeeni mkosaji, mkamwambie kweli. Mwendeeni aliyekosewa, mkaketi naye kabla hajakata tamaa. Wapelekeni wote wawili penye haki, nanyi mtembee katikati. Mkichekwa na pande zote mbili, msistaajabu. Mwatembea mahali alipotembea Bwana wenu.

Na tumwombee kijana yule, apate mahari yake kwa njia safi. Na mmoja wenu mwenye mifugo akiona moyoni mwake neno la kutenda juu ya hilo, asingoje kuambiwa na Mchungaji.

Ee Mungu Baba, uliyetutafuta tulipojificha, utusamehe kwa kuwa tumeuza na tumenyamaza. Uwape wazee wetu masikio ya kusikia, uwape vijana wetu mikono iliyo safi, umfariji aliyeibiwa, umgeuze aliyeiba. Kwa ajili ya Yesu Kristo Bwana wetu. Amin.